Uliza Mama Udongo: Weusi uliotoka jikoni

Mwezi uliopita niliandika sentensi moja tu kuhusu udongo mweusi wa bonde la Amazon, kwamba watu ndio walioutengeneza. Barua zilizokuja zimezidi za mada nyingine yoyote ya safu hii. Nimechukua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa sababu ukiielewa hiyo, nyingine zinaelekea kujijibu.

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa jiografia. Darasani nafundisha kwamba udongo wa misitu ya mvua umechujwa na mvua mpaka hauna kitu, na kwamba mboji yake huoza upesi kwa sababu ya joto. Sasa wewe unasema kuna udongo huohuo ambao watu waliubadilisha, na mpaka leo haujarudi ulivyokuwa. Yote mawili yanawezaje kuwa kweli?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Endelea kufundisha hivyo, hujawapotosha watoto. Sehemu kubwa ya ardhi ya Amazon isiyofikiwa na mafuriko ina udongo mwekundu au wa manjano, mzee mno. Mvua ya mamilioni ya miaka imeondoa kalisi, magnesi na potasiamu, ikabakiza oksidi za chuma na aluminiamu pamoja na mfinyanzi dhaifu usioweza kushika virutubisho. Kipimo chake cha pH, yaani cha ukali wa asidi (namba ikishuka, ukali unapanda), huwa karibu na 4. Kwenye ukali huo aluminiamu huyeyuka, na ikishayeyuka hudumaza mizizi. Fosforasi kidogo iliyopo imekamatwa na chuma. Mmea unaweza kusimama juu ya fosforasi na usiipate.

Sasa tembea hatua chache uingie mahali palipokuwa na kijiji. Udongo ni mweusi, kwa kawaida kina cha nusu mita, kwingine hadi mita 2. Umejaa vigae vya vyungu. pH imepanda, mara nyingi iko kati ya 5 na 6 au zaidi kidogo. Wabrazili huuita terra preta de índio, udongo mweusi wa wenyeji wa asili. Mwingi wake ulijengeka kati ya miaka 2,500 na 500 iliyopita, ingawa upo wa kale zaidi. Chini kabisa, ukichimba ukapita ule weusi, unakutana na udongo uleule mwekundu unaoufundisha wewe.

Kilichotokea hapo katikati ni uhamisho. Naomba ulishike neno hilo, maana ndilo ninalotaka kulisema katika majibu yote ya leo. Wanakijiji hawakuumba kalisi wala fosforasi. Hakuna binadamu anayeweza. Walizileta nyumbani kutoka mbali, kidogokidogo, bila kupumzika, kwa vizazi.

Fuata njia ya samaki mmoja. Ameishi mtoni, akakusanya fosforasi kutoka maji ya eneo pana, akaiweka kwenye mifupa yake, kwa kuwa mfupa kwa sehemu kubwa ni fosfati ya kalisi. Akavuliwa, akaliwa, mifupa ikatupwa nyuma ya nyumba. Fosforasi iliyokuwa imetawanyika mtoni sasa iko kwenye jalala la hatua kumi. Fanya hivyo kila siku kwa miaka 500. Halafu ongeza kasa na wanyama wa kuwinda. Kuni nazo zina hesabu yake: mti umevuta kalisi na potasiamu kwa mizizi mirefu kwa miongo kadhaa, mtu anaukata, anaubeba, anauchoma, na yote aliyoyavuna mti yanabaki kwenye majivu ya jiko moja. Ongeza majani ya kuezekea yaliyooza, maganda, kinyesi na mkojo. Kijiji kizima ni kama funeli: mdomo wake ni msitu na mto, shingo yake ni uani.

Lakini kuleta peke yake hakutoshi. Mvua iliyoosha udongo ule wa kwanza ingeosha na huu. Hapo ndipo mkaa unapoingia, na ningependa uende nao darasani taratibu, kwa sababu watu wengi wameshika jina lake bila kushika kazi yake. Moto wa jikoni, na hasa moto unaofuka kwenye jalala bila hewa ya kutosha, hauunguzi kila kitu kikawa majivu. Unabakiza kaboni iliyopangika katika pete zilizoungana, na vijidudu vya udongo huzitafuna kwa shida kubwa. Majani yaliyooza huondoka kwa mwaka au miwili. Mkaa hukaa kwa mamia ya miaka. Na unapokaa, kingo zake huoksidika polepole, zinaota vikundi vya asidi ambavyo huachia haidrojeni na kubaki na chaji hasi. Chaji hasi ndiyo mikono inayoshika kalisi, magnesi na potasiamu visichukuliwe na maji. Mwaka 2001 Bruno Glaser na wenzake walionyesha kwamba kaboni ya aina hiyo katika udongo huu inaweza kufika mara 70 ya ile iliyo katika udongo wa jirani.

Kwa hiyo majivu yanapunguza ukali, na ukali ukipungua aluminiamu inatulia isidhuru mizizi. Mifupa inaachia fosforasi pole pole. Mkaa unashikilia kilichobaki. Nikisikia mtu anasema siri ya udongo mweusi ni mkaa, huwa naumia kidogo, kwa sababu amemtaja mlinzi wa ghala akasahau nafaka.

Ngoja nikuambie nilivyolijua jambo hili kwa macho yangu, kabla sijalisoma popote. Nilikuwa fundi mdogo wa maabara, nimepewa mifuko ya udongo kutoka kwenye makazi ya kale nipime fosforasi. Nilianika, nikatwanga, nikapitisha kwenye chekeche ya milimita 2, nikaivuta fosforasi kwa asidi. Kipimo chenyewe ni cha rangi: unatia molibdeti na asidi askobiki, ndiyo vitamini C, kisha unasubiri buluu itokee. Fosforasi ikiwa nyingi, buluu inakolea. Neli za udongo wa nje ya makazi zilikuwa na rangi ya kubahatisha, unaziinua kwenye mwanga ndipo uione. Neli za ndani ya makazi ziligeuka nili. Mashine ikashindwa kuzisoma. Nikadhani nimezichafua kwa sabuni, maana sabuni nyingi zina fosfati, nikaosha vyombo vyote kwa asidi na kurudia. Nili ileile. Nikarudia tena siku ya tatu, safari hii nikaizimua mara kumi ndipo mashine ikaisoma. Nilikaa chini nikiitazama neli ile. Kulikuwa na watu ndani yake.

SWALI: Shikamoo Mama. Niko mwaka wa pili chuoni, nasoma kemia. Mhadhiri wetu ametuambia kuna wanasayansi wanaosema ni mto ulioleta rutuba ile, na watu walikuja tu kukaa palipokuwa tayari pazuri. Utajuaje nani ni nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mhadhiri wako hajawadanganya, hoja hiyo ipo. Mwaka 2021 timu iliyoongozwa na Lucas Silva ilichapisha hoja hiyo kutokana na eneo moja la Caldeirão, karibu na Manaus. Walipima elementi na isotopu, yaani aina za elementi moja zinazotofautiana uzito, wakaona kalisi na fosforasi nyingi mno, na dalili za kuanza kujikusanya kabla ya makazi, wakasema ni mashapo ya mto. Mwaka uliofuata kundi kubwa la watafiti liliwajibu.

Mimi niko upande wa waliojibu, na nitakuambia kwa nini. Mto hauwezi kuleta fosforasi peke yake. Unaleta na mchanga wake na mfinyanzi wake. Ukipima ukubwa wa chembe na madini ya udongo mweusi, kwa kawaida vinafanana na vya udongo mwekundu ulio pembeni na chini yake. Ardhi ni ileile, kilichoongezwa ni mabaki. Pili, maeneo mengi yako juu ya kingo ambazo maji hayafiki. Tatu, kuna kemikali ambayo mto hauna: koprostanoli, ambayo hutengenezwa tumboni, kolesteroli inapobadilishwa na bakteria wa utumbo. Ikipatikana kwa wingi kwenye udongo wa kale, kuna kinyesi, na uwiano wake na sterol nyingine, kemikali za jamii yake, husaidia kutenga cha binadamu na cha wanyama wala majani. Imepatikana humo. Nne, vitu hivi huja kwa pamoja: fosforasi, kalisi, zinki, strontiamu, vyote vikipanda palepale penye vigae na kushuka palepale vigae vinapokwisha.

Ushahidi unaonigusa zaidi si wa kale. Wakuikuro, wenyeji wa asili wa sehemu za juu za mto Xingu, Brazili, bado wanaujenga udongo huu, na wana jina lake, eegepe. Mwaka 2023 Morgan Schmidt na wenzake, Wakuikuro wenyewe wakiwamo, walilinganisha majalala ya kijiji cha leo na makazi ya kale ya eneo hilohilo, na mpangilio pamoja na kemia vikafanana. Tena waliwauliza watu. Wakaeleza kwamba majivu, mkaa na taka za jikoni huwekwa makusudi, ili mimea isiyostahimili udongo mwekundu ipate mahali pa kuota. Sisi wa maabara tulibishana miaka mingi kama ilikuwa bahati au nia, na jibu lilikuwa kwa mwenye ufagio.

Jambo moja la kujihadhari nalo: usiamini rangi. Udongo wa mbuga unaopasuka kiangazi nao ni mweusi, na weusi wake hauhusiani na jiko la mtu. Fosforasi ndiyo shahidi. Olof Arrhenius wa Sweden aligundua hilo miaka ya 1920 na 1930 alipokuwa akipima mashamba: fosfati ilipanda palipokuwa na makazi ya zamani, hata pasipokuwa na ukuta wala kaburi la kuonekana. Na katika udongo wa tropiki fosforasi ni shahidi mzuri zaidi, kwa sababu chuma kilekile kinachomnyima mkulima ndicho kinachoizuia isiondoke na mvua. Aliyewazindua wengi juu ya udongo mweusi wa Amazon alikuwa Mholanzi, Wim Sombroek, katika kazi yake ya mwaka 1966. Huyu utotoni, wakati wa njaa ya vita ya 1944, familia yake iliishi kwa kutegemea kipande cha udongo mweusi ambacho vizazi vya wakulima walikuwa wamekijenga kwa samadi na mabonge ya nyasi. Alipouona tena upande wa pili wa bahari, aliutambua.

SWALI: Mama, habari za kazi. Kila nikisoma habari hizi ni Amazon, Amazon. Waafrika wa kale hawakubadilisha udongo wowote?

JIBU: Njema, ndugu yangu. Walibadilisha, na mfano bora kuliko yote uko Narok, kusini magharibi mwa Kenya. Mwaka 2018 Fiona Marshall, Stanley Ambrose na wenzao walichapisha uchunguzi wa maeneo matano ya wafugaji wa kale, yenye umri kati ya miaka 1,550 na 3,700. Leo ukiyaona ni viwanja vya nyasi nzuri, vyenye upana wa kama mita 100, katikati ya mbuga yenye miti. Ndani yake fosforasi, kalisi na magnesi ni nyingi kuliko nje, ingawa zizi la mwisho liliachwa karne nyingi sana zilizopita.

Uhamisho ni uleule, mchukuzi tu amebadilika. Ng'ombe anakula nyasi za eneo pana mchana kutwa, jioni anarudi bomani, usiku anaacha samadi mahali pamoja. Na kuna saini yake. Naitrojeni ina aina mbili, nyepesi ya 14 na nzito ya 15. Mkojo na samadi vikioza, sehemu hupaa hewani ikiwa amonia, na nyepesi ndiyo inayotangulia. Nzito inabaki. Udongo wa maboma yale una ile nzito kupita kiasi cha kawaida, kwa hiyo hata asiyeona zizi anaweza kusoma kwamba hapa mifugo ililala.

Kilichoshikilia rutuba Narok hakikuwa mkaa, na hili nalipenda mno. Nyasi za pale ni bora, kwa hiyo wanyama wa porini huja kuzila, na wakija huacha samadi yao. Pundamilia na swala wanaendeleza kazi ya ng'ombe waliokufa miaka elfu tatu iliyopita.

Botswana, nyasi zenyewe ndizo zilizosema. Mwaka 1979 James Denbow alieleza jinsi nyasi ya Cenchrus ciliaris inavyoota juu ya maboma ya Zama za Chuma ikaacha madoa yanayoonekana kwenye picha za angani. Kwa kutazama nyasi, makazi mengi ya kale yaligunduliwa kabla jembe halijagusa ardhi.

Na weusi wenyewe upo Afrika Magharibi. Dawit Solomon na wenzake walipima mwaka 2016 udongo wa vijiji vya Liberia na Ghana: fosforasi inayopatikana kwa mimea ilizidi ya jirani kwa mara 5 hadi mara 270. Wanaoujenga zaidi ni wanawake, kwa majivu, mkaa na mabaki ya jikoni. Huko Liberia kuna mji ambao umri wake hupimwa kwa kina cha udongo wake mweusi. Ningetamani kila mpimaji wa udongo alijue hilo.

Pwani yetu nako wanaakiolojia wamechukua sampuli sakafuni na viwanjani mwa Songo Mnara, mji wa mawe karibu na Kilwa uliokaliwa tangu mwishoni mwa karne ya 14 hadi mwanzoni mwa ya 16, ili kemia iwaambie watu walifanyia wapi shughuli gani. Hilo nitalipa safu yake.

SWALI: Je, mabadiliko yote yalikuwa mema?

JIBU: Hapana. Tikal, mji wa Wamaya huko Guatemala, ulitegemea mabwawa ya maji ya mvua. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cincinnati walichapisha vipimo vya tope la mabwawa hayo. Lililo karibu na kasri na lililo karibu na hekalu yalikuwa na zebaki nyingi, kutokana na madini mekundu ya zebaki yaliyotumika kama rangi ya kupambia majengo na makaburi; mvua ikaosha, ikaishia kwenye maji ya kunywa. Yalikuwa pia na fosfati nyingi, na chembe za urithi za bakteria wa buluu-kijani ambao baadhi yao hutoa sumu. Fosfati hiyo chanzo chake ni taka za jikoni na uchafu wa watu. Ni fosforasi ileile ya barua ya kwanza. Ilipoingia kwenye udongo ililisha mimea, ilipoingia kwenye bwawa ililisha sumu.

SWALI: Shikamoo Mama. Nimesoma habari za udongo mweusi nikavutiwa, nikasaga magunia mawili ya mkaa na kuyachanganya kwenye kipande cha shamba. Mimea imekuwa ya manjano, hasa majani ya chini. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole. Umempeleka mlinzi kwenye ghala tupu, na amekamata hata kidogo kilichokuwapo.

Manjano yanayoanzia majani ya chini ni njaa ya naitrojeni: mmea unainyang'anya kutoka majani mazee ili ulishe machanga. Mkaa mbichi huinasa amonia, na vile vitu laini vilivyobaki juu yake huwapa vijidudu chakula cha haraka, wakala na naitrojeni ya mmea. Ule wa kijijini haukuwa hivyo. Ulikaa jalalani kati ya mkojo, samadi na mifupa kabla ya mzizi wowote kuufikia.

Usiung'oe, utapoteza bure. Tandaza samadi iliyooza vizuri juu ya kipande hicho, uchanganye kidogo, na upande jamii ya kunde msimu huu, maana mizizi yake hujitafutia naitrojeni hewani. Safari nyingine changanya mkaa na samadi au uuloweke kwenye mkojo uliozimuliwa, uuache miezi miwili au mitatu. Mkaa wenyewe tengeneza kwa mabua na maganda, tafadhali usikate mti kwa ajili ya jambo hili. Kama una mifupa, ichome na kuisaga uitie humo, ndiyo fosforasi yako.

Nilipoona barua yako nilikumbuka ujumlisho wa majaribio mengi ya mashambani uliochapishwa mwaka 2017: mkaa uliongeza mavuno ya tropiki kwa wastani wa asilimia 25, na katika nchi za baridi haukuongeza kitu. Sababu kubwa ni ile ya Mwalimu hapo juu, udongo wa tropiki mara nyingi ni mkali na una njaa, kwa hiyo chochote kinachopunguza ukali na kulisha kinaonekana. Udongo wako nao unaweza usiwe hivyo. Kabla hujaongeza mkaa tena wala majivu, pima pH. Ukikuta chini ya 5.5, endelea. Ukikuta imepita 7, majivu yaache kabisa, yatafunga zinki na chuma na manjano yatahamia majani ya juu. Niandikie namba utakayoipata.